Sindano ya Mwatima na Pindo la Rahila

Gando,
Alhamisi, 6 Februari 2025

Bi Mwatima Mjaka wa Gando anasikitika kutangaza kutoweka kwa sindano yake ya kroshia, kulikotokea nyumbani kwake Jumapili iliyopita, baina ya chai ya alasiri na kuondoka kwa mgeni. Marehemu alikuwa wa spoku ya baiskeli, mwenye kipini cha mti wa mkarafuu, na ameacha shuka moja la harusi lisilokuwa na pindo. Habari ziwafikie Rahila Nassor wa Chake Chake, popote alipo, pamoja na mkoba wake wa ukili. Maziko hayajapangwa, kwa sababu maiti imo ndani ya mkoba huo.

Wifi yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Najua salamu ndizo hutangulia, lakini salamu zangu za simu huzipokei. Tangu Jumatatu napiga, simu inaita mpaka inachoka yenyewe. Basi nimeshika kalamu. Bwana Shamba Elineema, huyu wa kutoka bara anayetukagulia migomba yetu, kila Ijumaa anashuka Chake kwa mkewe na Jumatatu anarudi. Atakuletea hii mkononi. Simu waweza kuizima, karatasi sijui utaizima vipi.

Huku sote wazima. Bi harusi wetu Shadya mzima, anajisinga kila jioni, nyumba nzima inanukia liwa mpaka mbuzi wanapiga chafya. Mguu wangu wa kushoto bado unanipa habari za mvua kabla ya redio. Natumai na weye mzima, hasa ule mkono wa kuchukulia vitu vya watu.

Sasa tuzungumze. Ulikuja, ukakaa, ukaniona nafuma shuka la mwanangu. Ukaishika sindano, ukaigeuza, ukasema nzuri, nyepesi, inateleza. Nami nikasema, "Yako hiyo, wifi." Nilisema kama anavyosema kila mtu aliyelelewa. Ungemsifu mbuzi wangu ningesema vivyo hivyo. Na aliyelelewa mwenziwe hujibu, "Mungu akuwekee," akakirudisha kitu pale alipokitoa. Miye katika umri wangu huu nimeambiwa "yako" kwa televisheni, kwa ng'ombe mwenye mimba, na kwa mtoto mchanga aliyekuwa bado hajatahiriwa. Sijaondoka na hata kimoja. Weye umeitia sindano mkobani, ukamaliza mkate wako wa kumimina, ukaaga.

Harusi ni mfungo mosi, wifi, Idd ikishapita. Katikati ya shuka imekwisha, limebaki pindo tu. Mkono wangu umeizoea sindano ile. Nikishika nyengine, matundu yanabadilika, na pindo litajikunja. Nawe unawajua shangazi zake bwana harusi Bakar kule Makangale. Hao hulinyanyua pindo la shuka kwanza, ndipo wamtazame bi harusi. Sitaki mwanangu aingie nyumba ya watu na shuka lililojikunja.

Tena ile si sindano ya dukani. Jaribu, Mungu amrehemu, aliichonga kwa mkono wake kutoka spoku ya baiskeli yake. Kaka yako huyo, lakini mume wangu.

Naingoja Jumatatu.

Wifi yako,
Mwatima


Chake Chake,
Jumapili, 9 Februari 2025

Wifi Mwatima,

Wa alaykum salaam. Tangazo lako nimelipata na nimelisoma kwa kusimama, kama inavyostahili msiba. Mke wa Bwana Shamba, Conchesta, jirani yangu hapa, alikuwapo, akanipa pole kabla hajajua aliyekufa ni nani.

Miye mzima kiasi. Presha inapanda na kushuka, na wiki hii barua yako imeisaidia kupanda. Jino la nyuma limeng'olewa, Alhamdulillahi, kwa hiyo natafuna kwa upande mmoja na kukasirika kwa pande zote mbili.

Uliniambia "yako". Miye nilisikia "yako". Haya mambo ya kwamba mtu anasema yako na moyoni anasema weka hapo hapo, hayo ni ya kwenu Gando. Sisi watu wa mjini tukipewa, tunashukuru na tunapokea. Nilishukuru. Kama hukusikia, basi uliku­wa unanitazama mkoba.

Na hilo la Jaribu usinifundishe. Kabla hajawa mume wa mtu alikuwa kaka wa mtu. Baiskeli ile miye ndiye niliyekuwa nikipakiwa nyuma, nikichubuka miguu na hizo hizo spoku unazozililia.

Hata hivyo sitaki isemwe kuwa nimemwacha mtoto wa kaka yangu bila ya sindano. Nimekutumia kisanduku, kimetoka Dar es Salaam, Conchesta ndiye aliyenitafutia. Sindano zake zina vipini laini vya mpira, kila moja na rangi yake na namba yake. Kuna vibanio vya kuwekea alama pale mstari unapoanzia. Kuna kidude cha kubonya kinachohesabu mistari, ili usiumize kichwa. Na kuna mkasi wa mfano wa ndege, mdomo wake ndio unaokata. Wenzako huko nje wanafuma kwa vitu hivi. Fuma na weye.

Msalimu Shadya, mwambie shangazi yake anamkumbuka.

Wifi yako,
Rahila


Gando,
Alhamisi, 13 Februari 2025

Wifi yangu,

Assalamu alaykum, na pole kwa jino. Natumai walikung'oa lenyewe.

Kisanduku kimefika. Nimekifungua mbele ya watu wazima, wasije wakasema nimekihukumu peke yangu.

Nianze na vipini vya mpira. Mpira na jasho la Gando havipatani, wifi. Kiganja kinanata, sindano inakataa kugeuka, unajikuta umeshika kitu kama kandambili. Kile cha mkarafuu kinakunywa jasho na kesho yake kinang'aa zaidi. Vibanio ni vizuri, nimevipa kazi ya kufungia mifuko ya sukari. Alama ya mstari naiweka kwa pini ya kanga, kama nilivyokuwa nikiweka kabla hiyo Dar es Salaam haijaanza kunihurumia.

Ama kidude cha kuhesabu, hicho ndicho kilichonipandisha hasira. Miye nahesabu kwa komwe, kete za bao. Nikimaliza mstari natia komwe moja kwenye kikombe, basi. Komwe haina makosa na haihitaji betri. Hiki nilikiweka pembeni nikainuka kutazama chungu, Shadya akakaa akizungumza na Bakar kwenye simu, kidole kikawa hakitulii. Niliporudi kiliniambia nimeshamaliza shuka na nusu ya jengine.

Uzi umo ndani ya kifuu cha nazi chenye tundu, kama siku zote, unatoka taratibu na kuku hawaudonoi. Kwa hilo Dar es Salaam haikuleta kitu.

Mkasi wa ndege unakata vizuri sana. Huo umebaki huku pamoja na vibanio. Vilivyosalia nakurudishia.

Lakini nilijaribu, nisikudanganye. Nilianza pindo kwa sindano ya bluu, nikarudi kwa ya kijani, kisha kwa ile nyembamba ya chuma niliyonunua Wete. Kwa moja pindo limelegea kama mdomo wa mfuko. Kwa nyengine limejikunja kama sikio la mbuzi. Nimefuma na kufumua mpaka uzi umeanza kutoa manyoya. Jaribu hakuipiga namba sindano yake, kwa hiyo hakuna kisanduku duniani kitakachonipa mwenzake.

Siku zinakwenda. Nipe sindano yangu, Rahila. Nakuomba sasa, sikutanii tena.

Wifi yako,
Mwatima


Chake Chake,
Jumapili, 16 Februari 2025

Wifi Mwatima,

Salamu nyingi. Hali yangu njema, na nakuombea njema, hata kama mistari inayofuata haitaonyesha.

Umesema hunitanii tena. Vizuri, na miye nimechoka kutaniana.

Sikuichukua ile sindano kwa kutojua adabu. Adabu naijua. Nilijua unasema "yako" kwa mdomo, nikaitia mkobani kwa makusudi, ili unikasirikie, uje mpaka hapa Chake unigombeze, na ukishakaa nikwambie kilicho moyoni. Weye hukuja. Umemtuma Bwana Shamba na tangazo la kifo.

Basi nitakwambia kwa karatasi. Katika nyumba yetu, tangu sijazaliwa, katikati ya shuka hufuma mama, na pindo hufuma shangazi. Shangazi hulimaliza pindo kwa mkono wake, na siku ya harusi yeye ndiye anayelitandika kitandani, kwa sababu yeye ndiye upande wa baba. Langu lilifumwa na Shangazi Bimkubwa, ambaye uko naye hapo Gando, muulize. Weye unayajua haya. Umeolewa kwetu, umekula, umezaa.

Sasa hesabu mambo yalivyokwenda. Posa ya Shadya nimeisikia kwenye kundi la simu, pamoja na watu wanaouza mitumba. Uzi umenunuliwa sikuambiwa. Nimekuja Jumapili ile nimejisemea, leo wifi atanipa pindo. Nimekata na kucha, nisije nikakwaruza uzi. Ukanikaribisha, ukanipa chai, ukanitandazia shuka kama mwenye duka anavyomtandazia mteja anayejua hatanunua, ukaniambia, "Limebaki pindo tu, nitalimaliza wiki hii." Nitalimaliza. Miye nimekaa mbele yako.

Jaribu angekuwapo usingethubutu. Sina mtoto wa kike, Mwatima. Pindo hili likinipita, jengine silifumi mpaka nakufa. Umenizika, halafu ukatangaza kifo cha sindano.

Sindano ninayo. Nilete shuka nifume pindo langu.

Shangazi yake Shadya,
Rahila


Gando,
Alhamisi, 20 Februari 2025

Bi Rahila,

Salaam. Sote wazima.

Kumbe ulikuwa ni mtego. Miye nimekaa hapa nakukasirikia kwa wizi mdogo, kumbe wenzangu wanapanga vita.

Umesema sikukupa pindo. Kweli, sikukupa. Na kwa kuwa umetaka tusitaniane, nitakwambia na sababu, ambayo nilikuwa nimeifunika kwa heshima yako. Mkono wako unakaza. Unavuta uzi kama unafunga mbuzi. Pindo la Yumna, binti wa binamu yenu, ulilifuma weye, na likajikunja, likazungumzwa na watu mpaka mtoto wa kwanza alipozaliwa ndipo wakapata mengine ya kusema. Yumna alilala juu ya pindo lile akaamka na alama shavuni. Nilikaa nikajiuliza, wifi yangu nimkasirishe, au mwanangu nimwaibishe. Nikachagua kumaliza mwenyewe na kunyamaza. Nilidhani huko ndiko kukuheshimu.

Na huyo shangazi mwenye haki yake haketi Chake akangoja aletewe. Anakuja anasema, "Pindo langu li wapi?" Ulikuja, ukasema, "Sindano nzuri, nyepesi." Miye ningejua vipi?

Baki na sindano. Pindo nitalifuma hata kwa mwiba. Na kutandika usije kutandika. Atatandika Shangazi Bimkubwa. Macho yake hayaoni, lakini mikono yake haichukui vitu vya watu.

Mama Shadya


Gando,
Alhamisi, 20 Machi 2025

Rahila,

Assalamu alaykum, na Ramadhani karimu, ingawa inakwisha.

Hukujibu. Kila Jumatatu Bwana Shamba anarudi mikono mitupu, na sasa anapita nyuma ya msikiti asionane na mlango wangu, kama mtu mwenye kesi. Nilimsimamisha juzi nikamuuliza mbona ananikimbia. Akaniambia kwa upole wake ule, kuwa hasomi barua za watu, lakini mkewe amemwambia Bi Rahila ameacha kufuma na anashinda ndani. Nikamwambia asante, nenda kaangalie migomba.

Nikwambie ya huku. Pindo sikulimaliza. Nilikwenda kwa fundi wa baiskeli, nikamwomba anichongee sindano ya spoku. Amechonga. Kichwa chake kina makali, kinakata uzi kila baada ya matundu machache, sijui alidhani nataka kuvulia. Nikafuma, nikafumua. Nafanya hivyo na saumu yangu, kisha naomba msamaha kwa yale niliyoyasema kwa sindano.

Nikaenda kwa Shangazi Bimkubwa kumwambia ajiandae kutandika. Ule uzee wote, akakaa kitako. Akasema, "Nani kakwambia miye shangazi wa mtoto huyo? Shangazi yake yupo Chake, mzima, ana mikono miwili. Kama mkono wake unakaza, unakaza. Nenda kamwambie." Halafu akanigeuzia mgongo, akaomba aletewe uji.

Hayo ningeweza kuyabeba. Lakini usiku wa kuamkia jana Shadya alikaa karibu yangu tukisubiri daku, akalipapasa shuka, akasema, "Mama, baba hayupo. Shangazi asipokuja, upande wake atakaa nani?"

Nilijifanya nasikia kuku.

Basi nimelikunja shuka, nimelitia ndani ya mfuko wa mchele ulio safi, nimeufunga kwa vile vibanio vyako, na Bwana Shamba anakuletea. Uzi uliobaki umo, umetosha na ziada. Sikuombi radhi. Mwezi huu naomba kwa Mungu tu, sitaki kuchanganya maombi. Hasira zangu bado ninazo zote, hakuna hata moja iliyopungua. Lakini pindo ni lako.

Usikaze. Ushike uzi kama uliyeshika kifaranga.

Wifi yako,
Mwatima


Chake Chake,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Wifi yangu Mwatima,

Idd mubarak, na Mungu atupokelee. Afya yangu imerudi. Presha imetulia, daktari anasema ni dawa, miye najua ni nini.

Shuka limefika. Ningependa kukwambia lilifika salama. Bwana Shamba ni mtu mwema, lakini alilipakia pamoja na mfuko wa mbolea ya kuku ya maonyesho ya kilimo. Conchesta alimsema kwa lugha ya kwao, sikufahamu neno hata moja lakini nilifurahi. Tumelifua mara mbili na kulianika kivulini. Sasa linanuka sabuni, na kama unaliinamia sana, linanuka kilimo.

Sasa nisikilize, na usicheke. Nimeifuma kona ya kwanza kwa sindano ya Jaribu. Nimeshika uzi kama kifaranga, kama ulivyoagiza. Kifaranga kimekufa. Pindo limejikunja kama sikio la mbuzi, lile lile ulilolisema. Ulisema kweli kuhusu mkono wangu, na kwa hilo sitakusamehe, si mwezi huu wala ujao.

Nikafumua. Nikafuma tena. Conchesta akanikalisha, akanitazama vidole, akasema ninakaza kwa sababu nina hasira, ningoje ziishe. Nikamwambia, nikingoja hasira zangu na Mwatima ziishe, huyo bi harusi atakuwa bibi. Akafikiri, kisha akaniletea sindano yenye kipini cha mpira, ile ya kijani, namba ya juu kidogo. Akasema mwenye mkono wa kukaza hahitaji kubadilisha mkono, anahitaji sindano nene.

Basi likalala. Kona ya kwanza, ya pili, zote. Limelala kama maji kwenye sinia. Hiyo sindano tuliyopigania, wifi, miye haikunifaa hata tundu moja. Nakurudishia pamoja na shuka. Ilikuwa yako wakati wote, na mkono wako ndio unaojua kuitumia, niseme nini tena.

Ua moja la upande wa miguuni, katika kazi yako, lina jani pungufu. Nimelinyamazia. Nimelitaja hapa tu.

Nakuja Jumatano kabla ya harusi. Tutakwenda Makangale pamoja na nitatandika mwenyewe. Usinipikie pweza, jino.

Wifi yako,
Rahila


Gando,
Jumatano, 30 Aprili 2025

Wifi yangu Rahila,

Assalamu alaykum. Nyumba imekuwa kimya tangu mwondoke. Nyumba isiyo na bi harusi ina mlio wake, kama chungu kilichokwisha mchele. Mguu mzima. Moyo mzima. Ila nina jambo.

Harusi imekwenda vizuri, Mungu ashukuriwe, na kutandika ulitandika kwa haki yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ulipolikung'uta shuka na kulishusha, ukapita upande wa juu na upande wa chini, ukabana pembe bila ya kumtazama mtu, niliona mabega ya Jaribu. Sitayasema haya mara ya pili.

Lakini shangazi zake Bakar, wifi. Waliingia kwa utaratibu kama wakaguzi, wakainama, wakalinyanyua pindo. "Mashallah," wakasema. "Pindo gani hili. Nani kalifuma?" Nawe ukasema, "Ni kazi ndogo tu," ukatazama chini. Wakaligeuza nyuma, wakalisifu na nyuma. Mmoja akakutaka umfundishe mwanawe. Miye nimekaa mwaka mzima juu ya katikati, tangu karafuu zilipoanikwa, nimeumwa shingo, nimehesabu komwe mpaka naziota. Hapana mtu aliyeuliza katikati kafuma nani. Wameichukulia kama imeota yenyewe. Katikati, wifi, ndiyo shuka. Bila ya katikati pindo lako ni kamba.

Na Shangazi Bimkubwa, ambaye haoni, akapitisha kiganja chake mara moja tu, akasimama kwenye ua la miguuni, akasema mbele ya wote, "Hapa pana jani pungufu." Sitaki kujua kama ulimwambia.

Haya. Sasa nina haja nawe. Miye mama, sipaswi kufika kule tena mpaka niitwe, na watu wa Makangale hawana haraka ya kumwita mtu. Shangazi hana kizuizi, anafika atakapo. Nenda ukamtazame. Nataka kujua kama amenenepa, kama anacheka, kama wanamtia kwenye kazi za mashamba mapema. Na nataka kujua shuka linavyokaa. Linabaki kitandani mchana? Wageni wanaingizwa kuliona? Limeshawahi kufuliwa, na kwa sabuni gani?

Niambie kweli, usinipambie.

Wifi yako,
Mwatima


Chake Chake,
Jumapili, 11 Mei 2025

Wifi yangu mpenzi Mwatima,

Assalamu alaykum warahmatullah. Nimekwenda, nimerudi, mzima. Umetaka kweli, kaa chini kwanza.

Shadya mzima sana. Amenenepa mashavuni. Anacheka mpaka na vyombo. Hawamtumi shamba, mama mkwe wake ndiye anayempikia, na nilimwona Bakar kwa macho yangu akiteka maji bila ya kuambiwa. Tumekula ndizi kwa samaki, nikafungiwa na nyengine nije nazo. Kuhusu mtoto, lala usingizi. Tuliyemtia pale hakupotea.

Nikangoja nikaribishwe chumbani. Nilipokaribishwa nikaona kitanda kimetandikwa blanketi la dukani, zito, lenye picha ya chui, limevaa na nailoni yake. Joto lile la Makangale, wifi, na chui. Nikanywa maji. Nikasifu pazia. Mwisho nikashindwa, nikauliza shuka li wapi.

Shadya akaniambia, kwa uso mkunjufu kabisa, kuwa wanalipenda mno. Akasema ni zito kwa kulalia na lina matundu kwa kujifunika, na kwamba Bakar ndiye aliyelichagulia mahali, kwa kuwa ni kitu cha thamani na yeye ana kitu cha thamani kimoja tu, basi vimekaa pamoja. Akanishika mkono akanipeleka uani nikaone.

Limefunika pikipiki.

Nikalizunguka lote. Limefunika vizuri, siwezi kusema uongo, limeenea kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma, na katikati yako imekaa juu ya kiti, kila ua linaonekana. Pindo langu limefika chini sawasawa pande zote, halikujikunja. Bakar akaniambia wapita njia wanasimama kulitazama, na kwamba jana mmoja ameuliza nani kafuma katikati. Nimeona nikupe na hilo, usije ukasema nimelificha.

Hasira niliyorudi nayo siimalizi peke yangu, ndiyo maana nakuandikia. Njoo Chake Jumapili, tukae, tukasirike pamoja. Nitakupikia pweza, utatafuna weye.

Wifi yako,
Rahila

Nilisahau kukwambia. Nilimuuliza Bakar pikipiki inafunikwa kwa nini, akasema kuku walikuwa wakilala juu ya kiti. Sasa wanalala juu ya shuka.